Dumu Nyuma ya Magunia

Mke wa fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya magunia ya pumba, akimsaliti mumewe kwa nia njema kabisa. Dumu la mafuta ya mume akalisukumia huko gizani. Mahali pake akaweka dumu la dizeli aliyotoka kununua kituoni.

Afanyeje, jamani? Mumewe alishikilia kwamba oili chafu ya magari, ukiichemsha kwenye pipa na kuukinga mvuke wake, inatoa dizeli safi. Kwa miezi kadhaa nyumba ilinuka gereji, mpaka mito ya kulalia. Na leo alitaka kuitumia kuwashia injini ya mashine ya kusaga ya mama mkwe wake.

Mama mkwe alishatoa hukumu mapema. Injini yake ikifa, pipa linatoka uani, na mkwe anarudi kuajiriwa. Kwa fundi aliyekwisha kuonja utamu wa kujitegemea, huo ulikuwa msiba. Mkewe alimpenda sana, ila kumpenda mtu si lazima kuliamini na pipa lake.

"Mbona umenyong'onyea?" fundi alimwuliza huku akimimina mafuta kwenye tangi. "Haya yameshajaribiwa."

"Wapi?"

"Niliapa kufunga mdomo."

Mkewe akamwonea huruma. Mtu akianza kujidanganya mwenyewe, ujue maji yamezidi unga.

Fundi akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikaguna, ikawaka. Moshi wa maana haukuwapo. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, mikono kifuani, akiisubiri ife. Wapi! Injini ikasaga gunia la kwanza, ikasaga la pili, ikamaliza yote yaliyokuwapo, na unga ukatoka laini.

"Haya, pipa libaki," mama mkwe akasema shingo upande. "Nilikukosea, mwanangu."

Fundi akalia. Mwanamume mzima na ndevu zake, machozi yanachora mistari kwenye masizi ya mashavu. Akamkumbatia mkewe mbele ya mama mkwe.

"Wote walinicheka," akamwambia. "Ni wewe peke yako uliyeniamini."

Mkewe akatamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini moyoni akaapa kwamba siri ile ataingia nayo kaburini. Kumwambia ukweli leo kungekuwa ukatili.

Pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka muuzaji wa kituo cha mafuta, akiburuta madumu matupu.

"Fundi, nisamehe, siri yetu imenishinda," akasema akihema. "Tangu gari letu la mafuta likwame njiani nauza yako tu, na wateja wanayagombania. Nimebaki mikono mitupu. Dumu la mwisho amelichukua mkeo leo asubuhi."