Plasta Kwenye Paji la Uso

"Shosti, mama yako kiboko! Kalala fofofo mle ndani," Edilma, mwenzangu wa maabara, alicheka akiitazama kompyuta.

Hapa kwetu Medellín, kabla ya kupima ubongo wa wagonjwa, mashine tunaijaribu kwanza kwa ndugu yetu asiyeumwa. Asubuhi ile nilimleta mama.

Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili, mmoja wa mbele ya ubongo wake, mwingine wa nyuma. Mtu akitulia tu, mistari hiyo hupanda na kushuka pamoja. Ya mama ilikwenda kila mmoja kivyake. Usingizi huweza kuitenganisha. Ugonjwa wa kusahau pia.

Niliung'ang'ania usingizi.

Nilitoka. Mama, aliyekwisha kumaliza kipimo, alikuwa kwenye benchi nje, akila arepa, mkate wetu wa mahindi. Plasta tuliyombandika ili kichwa kisitikisike bado ilikuwa kwenye paji lake la uso, kona moja imebanduka.

"Mama, niambie kweli, sikugombezi. Ulisinzia kwenye mashine?"

Alinitazama kwa upendo, akanimegea arepa.

"Mashine gani tena, mwanangu?"