Habari ya Kuwapa Nyuki

Kwa asubuhi ya nne mfululizo, Polona aliwadanganya nyuki.

"Bwana wenu anarudi leo," alisema. Alisimama ubavuni mwa kibanda chao, si mbele, maana mbele ya mizinga ndiyo njia yao, na anayeiziba asimlaumu mtu. Mumewe, Lovro, ndiye aliyemfundisha. Usiwapulizie pumzi. Usijipake marashi. Usikimbie. Mizinga kumi na miwili, mbao zake za mbele zimechorwa dubu na watakatifu, ilikaa hatua ishirini tu kutoka mlango wa jikoni, na katika miaka kumi na mmoja Polona aliumwa mara mbili, tena kwa kosa lake.

Lovro alipanda milima ya Bohinj Jumapili alfajiri kumtafuta kondoo aliyepotea. Mchana kondoo alirudi mwenyewe. Lovro hakurudi.

Tangu hapo Polona alikuwa mtu wa kahawa na machozi. Kijijini kwao, bwana wa nyuki akifa, mtu wa nyumbani huchukua ufunguo wa nyumba, akagonga kila mzinga, akawapa habari na kuwatajia bwana mpya. Wasipoambiwa, huhama au hufariki. Ndiyo, hufariki. Ng'ombe hufa na mbwa hufa, lakini nyuki huko husemwa kama mtu. Polona aliogopa kwamba siku atakayogonga, ndiyo siku Lovro atakayokuwa amekufa kweli.

"Waambie, binti," alisema Mama Neža, jirani yao. "Wanahangaika. Husikii wanavyovuma?"

"Hajafa!"

"Sijasema kafa."

"Sasa niwaambie nini? Kwamba kaenda sokoni?"

Mama Neža akatikisa kichwa, akarudi kwake.

Aliyemtetea Polona alikuwa Gašper, kaka yake Lovro. Hilo liliwashangaza wengi, kwa kuwa ndugu hao hawakusemezana tangu baba yao alipomwachia mdogo nyuki na kumruka mkubwa. Lakini Jumapili jioni, kabla Polona hajatuma mtu kumwita, Gašper alifika mbio, jicho moja limevimba. Alisema kaumwa na nyuki huko shambani kwake. Toka siku hiyo hakupumzika. Aliongoza watu mlimani, akarudi na tope hadi magotini, akamshika Polona mkono.

"Usiwaambie kitu, shemeji. Lovro yu hai. Mizinga usiiguse kabisa, unanisikia?"

Polona alimshukuru Mungu kwa ajili ya shemeji huyo. Bila yeye asingeweza hata kusimama.

Alhamisi adhuhuri waokoaji walishuka. Mkubwa wao alivua kofia kabla hajafika langoni, na Polona akajua.

"Ukungu umefunga, mama," alisema. "Na lile korongo lililo chini ya njia halina mwisho. Tumejitahidi."

Polona alianguka kwenye majani akalia kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Alipoinua uso aliwaona nyuki wamejazana nje ya mizinga, mvumo wao umepanda. Hawa nao wakiondoka, hatabaki na chochote cha Lovro. Aliingia ndani, akautoa ufunguo mlangoni.

"Pita kwa nyuma," Mama Neža alimwelekeza, akimfuta machozi kwa ncha ya aproni yake. "Gonga taratibu, mara tatu kila mzinga. Na habari utoe mara moja tu, binti, usije ukachanganyikiwa ukarudia. Nyuki wakipewa msiba uleule mara ya pili, kifo humrudia bwana mpya waliyekwisha kutajiwa."

"Bwana mpya nimtaje nani?"

"Jitaje wewe. Wamekuzoea."

Ndani ya kibanda mlikuwa na giza kidogo na harufu ya nta. Kofia ya Lovro ilining'inia kwenye msumari wake. Polona alijikaza asiiangalie. Aliuinua ufunguo akagonga mzinga wa kwanza, mara moja. Akagonga tena.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Gašper aliingia akihema, akamkamata kifundo cha mkono.

"Shemeji, acha!"

"Niachie. Wewe umenipa moyo siku zote hizi, Mungu akulipe, lakini sasa basi. Amekufa, Gašper. Acha wajue."

"Nimesema usigonge!"

"Unaniumiza!"

Aliuchomoa mkono wake, akageukia mzinga na kugonga mara ya tatu. Akafungua kinywa.

"Nyuki wa Lovro," alianza, "bwana wenu..."

Gašper alimziba mdomo kwa mikono miwili iliyolowa jasho, kisha akapiga magoti sakafuni.

"Usiwaambie tena, Polona, nakuomba! Mara ya pili nitakufa mimi!"