Shavu la Kushoto

Mama alinyoosha mkono, akagusa shavu la Obadiah, kisha akaurudisha upesi kama mtu aliyegusa sufuria jikoni.

"Si wewe," alisema. "Mwanangu yuko wapi?"

"Ni mimi, Mama. Kunywa uji."

Akalisukuma bakuli. Uji ukamwagikia goti la Obadiah, naye akaupangusa polepole huku mama akilia bila sauti. Macho yake yalikwisha kuzimika. Mikono ndiyo iliyobaki kumwonea.

Ilikuwa hivyo tangu Desemba, Obadiah alipomteremsha kutoka Mgange na kumleta kwake Voi. Wazee wa ukoo walimwonya mwezi huo huo kwamba mama ni mkongwe mno, asipelekewe habari nzito. Obadiah akatii. Watoto wake mwenyewe walikuwa Nairobi na Doha, wakipiga simu Jumapili na kuuliza, "Bibi anakula?" Alijibu kwamba anakula. Kisha alikaa mezani peke yake, akanywa uji uliobaki, uliokwisha kupoa na kuganda juu.

Hapo ndipo alipoamua kusafiri.

Daktari wa kwanza, wa Mombasa, alizitazama picha alizoletewa, akamtazama yeye, akazitazama picha tena. "Mzee, kazi hii mimi siifanyi," alisema kwa upole. "Wala sidhani utampata wa kuifanya hapa nchini. Rudi nyumbani, ukae na mama yako."

Obadiah hakubisha. Maisha yake yote, tangu alipokuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, hakuwahi kubishana na mtu aliyevaa koti jeupe. Alirudi Voi, akauza shamba lake la ndizi kule Mata, akaingia ofisini kwa Margaret, wakala wa safari aliyekuwa na chumba kimoja nyuma ya soko.

"Uhindi?" Margaret alishusha miwani. "Kurekebisha uso? Mzee wangu, na huo ulio nao una ubaya gani?"

"Hautoshi."

"Haya, niambie ukweli. Ni mjane gani wa kanisani unayemtafutia sura mpya?"

"Ni mama yangu."

Margaret alicheka mpaka akashika meza. Alipoona kwamba Obadiah hacheki, akakohoa, akaanza kazi. Pasipoti. Viza. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo bila hiyo angezuiwa uwanjani. Treni hadi Nairobi, halafu ndege. Kwa hospitali, Obadiah alituma picha mwenyewe kwa simu yake. Alichagua mbili, moja ya harusi ya binti yake Rachel na nyingine ya mwaka juzi wakati wa mavuno, kwa sababu ndizo zilizolionyesha kovu vizuri kuliko zote.

Lilianzia chini ya jicho la kushoto, likateremka hadi pembe ya mdomo, limekunjamana kama ganda la muhogo uliochomwa. Hakuhitaji picha ili alikumbuke. Aliikumbuka hata siku lilipotokea: chungu cha kimanga cha mihogo na maharagwe kimepinduka, mvuke umejaa chumba, mama anatupa mtungi wa maji mlangoni na kukimbia na mtoto mgongoni hadi hospitali, khanga moja, miguu mitupu. Mama alijilaumu maisha yake yote. Hata mtoto alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, kila alipomsalimu alipitisha kidole gumba pale shavuni, akanong'ona, "Nisamehe, mwanangu."

Tangu Desemba hakuwa amelisema neno hilo hata mara moja.

Tryphena, jirani yake, alikubali kumlisha mama wakati Obadiah hayupo. Alikuwa mtu wa kusema analolifikiri.

"Na ukifia huko?"

"Nitakuwa nimejaribu."

"Mama hata haoni, Obadiah! Unadhani atajua umebadilika?"

"Atajua," alisema Obadiah. "Yeye ndiye wa kwanza atakayejua."

Tryphena alitikisa kichwa, akaenda kuosha bakuli.

Kikabaki kitu kimoja. Daktari wa Uhindi alitaka kumwona kwa video kabla ya kumwandikia barua ya mwaliko. Margaret alifunga mlango ili kelele za soko zisiingie, akamwekea kompyuta mezani. Obadiah alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Alikaa wima, mikono magotini, kama anayesubiri kupigwa picha.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya heshima. Alimuuliza kuhusu presha, sukari, na dawa anazotumia. Kisha akasema, "Nimezipitia picha zako, mzee. Ni kovu la zamani sana. Sogea karibu na dirisha. Nionyeshe shavu la kushoto."

Obadiah aligeuka.

Daktari alizitazama picha tena. "Labda picha ilijigeuza. Nionyeshe la kulia."

Obadiah aligeuka tena. Mwanga wa dirishani ulimwangukia usoni kote. Daktari alisogea mpaka paji lake likajaa kwenye kioo cha kompyuta.

"Samahani, mzee," alisema. "Kovu lenyewe liko wapi?"

"Liko Mgange, daktari, kaburini, tangu Desemba," alisema Obadiah. "Ndugu yangu na mimi tulizaliwa siku moja, na mama hajaambiwa. Naomba mniwekee mimi."