Mlio wa Bakuli

Bi Mgeni hakuwahi kuuza bakuli la udongo bila kuligonga kwa ukucha mbele ya mteja. Lililo zima hulia kama kengele. Lenye ufa hukohoa. Sasa mwenye duka la jumla aliyekuwa akimletea mzigo alikuwa amefunga biashara, na mume wa Bi Mgeni, Shaweji, alikaa dukani kwao na simu, akipekua masoko ya mtandaoni yanayouza kwa jumla kutoka ng'ambo.

"Soko hili lina nyota tano, mke wangu."

"Nyota hazishiki mchuzi. Mzigo mmoja ukija na nyufa, hatuna duka tena. Waambie waligonge bakuli."

"Niwaambie nini?"

"Waligonge, nisikie."

Shaweji alicheka, lakini akaandika, simu ikatafsiri. Soko la kwanza lilituma picha. La pili likatuma vyeti vyenye mihuri. Katika soko la tatu, muuzaji mmoja alituma sauti tupu: ting! Nyuma ya mlio ule mwanamke alicheka, kisha akagonga tena, taratibu zaidi, kama aliyeelewa anachoulizwa.

Bi Mgeni aliusikiliza mara tatu. Halafu akashusha bakuli la mwisho kabatini, akalisogeza karibu na simu, akaligonga kwa ukucha.

"Sasa hapo umeagiza au umesalimia?" aliuliza Shaweji.

"Wewe tuma."

Akatuma. Wakainamia simu wote wawili, vichwa vikigusana, wakingoja ng'ambo iitikie.