Ukurasa wa Thelathini na Mbili

Kila kijana aliporudisha riwaya ya kutisha, Bi Kibibi, mkutubi wa mji ule, alimuuliza ni ukurasa gani uliomtisha zaidi. Kwa jibu hilo ndipo alipojua kitabu cha kumpa baadaye. Wengi walimwonyesha pale zimwi linapotoka kisimani.

Salha, msichana wa miaka kumi na minne, alifungua ukurasa wa thelathini na mbili.

Bi Kibibi akausoma. Hapakuwa na zimwi wala damu. Baba wa kambo anapita ukumbini usiku, anasimama kidogo mlangoni kwa binti, kisha anakwenda zake.

“Mbona hapa hakuna kilichotokea, mwanangu?”

“Siku hiyo alipita tu,” Salha alisema, kidole kikiwa bado juu ya karatasi. “Hakuna kitabu kingine, Bi Kibibi, ambamo mlango wa binti kama huyo una komeo?”

Bi Kibibi alikuwa ameshainua muhuri wa tarehe. Akaurudisha mezani taratibu, akavuta kiti, akakiweka karibu na chake.

Salha hakukaa. Alikuwa akiutazama mlango wa maktaba, uliokuwa wazi.