Ukurasa Uliofuata

Kompyuta ilikuwa imeipaka insha ya Gertrude rangi nyekundu, juu hadi chini.

"Karibu yote umeinakili mtandaoni," mhadhiri alisema. "Hapa Birmingham mwanafunzi wa uuguzi hufukuzwa kwa hilo."

"Mwalimu, haki ya Mungu, mtandao sijaufungua. Nilisoma kitabu cha maktaba, nikakishika kichwani."

"Kitabu kizima? Usinichezee, binti."

Shuleni kwao Nyeri, aliyebadilisha neno moja la kitabu alichapwa.

Gertrude alisimama, mikono nyuma, vidole vikiminyana hadi vikafa ganzi. Akaukodolea macho ukuta, akaanza kuukariri ukurasa uliofuata wa kitabu kile, kuanzia pale insha ilipokoma.

Mhadhiri alikitafuta kitabu hicho mtandaoni, akaweka kidole kwenye skrini, akamfuatisha neno kwa neno. Hadi mstari wa sita, kidole kilikuwa hakijasimama.