Viatu Namba Quarante-deux

Kitendawili! Semeni tega. Haya: nani anakimbia kwa miguu mitatu, anatafuta viatu viwili, na mguu wa kuvaa anao mmoja tu? Msijibu mbio mbio, wanangu. Tulieni kwanza.

Mwaka wa 1981, ule waliosema ni mwaka wa walemavu dunia nzima, Bukavu nayo ilitaka mashindano yake. Yaliwekwa kwenye kiwanja cha mpira, chini ya mtaa wa Muhumba. Séraphine alifika wa kwanza. Alitoka Kasha, mbali kule, juu ya magongo yake mawili, na alipofika alimwendea moja kwa moja Papa Philémon wa comité ya mashindano. Hata salamu hakumpa.

— Papa, viatu vya zawadi ni namba ngapi?

Papa Philémon alifungua boîte ya katoni. Viatu vyeusi, vya kamba, vinang'aa hata nzi angeteleza.

— Quarante-deux, arobaini na mbili, vya wanaume. Lakini citoyenne, mguu wako hata trente-huit haifiki! Ukishinda, tutakutafutia vya bamaman.

— Hapana! Hivi hivi.

Watu walicheka. Comité ilikuwa imechukua zawadi zile zile za mashindano ya kila mwaka. Hakuna aliyekumbuka kwamba safari hii watakimbia watu wa mguu mmoja. Muuza karanga mmoja akapaza sauti:

— Maman, kile kingine utavalisha gongo?

Georgette peke yake hakucheka. Yeye mguu wake wa kushoto ulikauka tangu utotoni, na kila walipokimbia mazoezi, yeye na Séraphine ndio walioshindana mpaka mwisho. Alijua viatu vile ni vya nani.

Séraphine alikatwa mguu baada ya gari la chai kumgonga. Mwaka mzima alitambaa chini. Ndipo mume wake Edouard, planton, tarishi wa ofisi moja, akaenda kwa seremala, akavua viatu vyake, jozi moja aliyokuwa nayo, akarudi nyumbani miguu mitupu na magongo mawili begani. Tangu siku ile alienda kazini na sandali za mpira chini ya suti yake ya abacost, wenzake wanamcheka. Séraphine alikuwa akimwambia: «Nitakuvalisha vingine.» Naye anacheka tu: «Siku gani, maman?»

— Na Papa Edouard mwenyewe? Georgette aliuliza. Kila mara anakuja kutupigia makofi. Leo iko wapi?

— Iko ku nyumba. Ananingoja.

— Na wewe macho mekundu hivi?

— Moshi.

— Hata mafuta haukujipaka, ndugu yangu! Kamata ndizi, ukule.

— Sina njaa.

Mbio zilipangwa saa tatu. Saa tatu ikapita. Saa nne, saa tano, wachezaji wa animation wanazunguka na nyimbo zao za kusifu chama, na mukubwa wa serikali wa zone, aliyengojwa kufungua mbio, hajaonekana. Kila mtu alikaa kwenye kivuli, isipokuwa Séraphine. Alisimama katikati ya kiwanja akiangalia jua, kama mtu aliyeweka chungu motoni akakumbuka akiwa sokoni. Mara tatu alimwendea Papa Philémon.

— Papa, tuanze.

— Bila mukubwa? Unataka wanifunge?

— Papa, nakupigia goti. Niko nalo moja tu, lakini nakupigia.

Na kweli alipiga, mbele ya watu wote, mpaka Papa Philémon akaona haya akageuka upande mwingine.

Saa sita na nusu mukubwa akafika, akasema maneno marefu, kisha filimbi ikalia.

Wanawake sita, mita mia moja. Mvua ilinyesha usiku, na udongo wa pale ni sabuni. Magongo yakawa yanazama na kuchomoka, kwa, kwa, kwa. Wanne walibaki nyuma mapema. Georgette alitangulia, Séraphine akamfuata hatua moja nyuma, na hapo Georgette akasikia sauti mgongoni kwake, sauti ya kuomba:

— Georgette. Niachie.

— Nikuachie? Juu ya nini?

Gongo moja la Séraphine liliteleza, akaanguka kifudifudi, kiwanja chote kikasema aaah! Aliinuka. Gongo lile aliliacha pale matopeni. Kwa gongo moja na mguu mmoja akaruka, akaruka, kama panzi aliyekanyagwa, akipiga kelele ambazo hakuna aliyezielewa, mpaka akamkaribia tena Georgette. Mstari ulipofika, hakukimbia. Alijitupa.

Papa Philémon aliangalia chini, akaona kifua cha Séraphine kimelala juu ya chokaa, na gongo la Georgette bado kidole kimoja nyuma.

Wakamwita apigwe picha na mukubwa. Hakwenda. Alikamata boîte, akauliza saa. Wakamwambia saa saba kasoro dakika kumi. Akaanza kuondoka na matope mdomoni.

Georgette alimkuta kwenye mlango wa kiwanja, amemletea gongo lake, lakini kwa hasira.

— Séraphine! Miaka yote tunakimbia pamoja, haujaniomba kitu. Leo unaniomba nikuachie ushindi, kama mwizi. Na mie pia nilitaka! Papa Edouard amevumilia sandali miaka mbili. Si angengoja hata Noeli?

Séraphine aliiweka boîte mgongoni, akaifunga na kitenge vile wanafunga mutoto, akakaza fundo kifuani.

— Padri alisema saa tisa, akajibu. Kisha wanapigilia sanduku misumari.